Mtoto Alikula Nini Jana?

Lipo swali moja ambalo maofisa lishe huliuliza kila wanapopiga hodi kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, iwe ni Kilosa mjini karibu na stesheni, iwe ni Kidodi kwenye mashamba ya miwa, iwe ni kwenye vijiji vya milimani kule Ukaguru. Swali lenyewe ni hili: "Mama, mtoto alikula nini jana?" Mama anajibu, ofisa anaandika, na baada ya miezi kadhaa jibu lile linageuka kuwa asilimia katika kitabu cha takwimu. Mipango inapangwa juu ya asilimia hiyo, fedha zinaombwa kwa jina lake, na mara nyingi yule yule mama aliyejibu ndiye anayekuja kuhubiriwa kwamba hajui kulisha mtoto. Kwa hiyo inafaa tuulize swali hilo linapima nini hasa.

Kwanza zipo njia za kumpima mtoto mwenyewe. Mzani wa kliniki sote tunaujua, ule ambao mtoto huvalishwa kikaptula na kuning'inizwa huku analia, kisha nukta inawekwa kwenye kadi. Upo utepe wa rangi tatu unaozungushwa kwenye mkono wa mtoto mwenye umri kati ya miezi 6 na miaka 5. Mzunguko ukiwa chini ya sentimita 11.5 utepe unaonyesha nyekundu, na huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali bila kungoja kesho. Na upo ubao wa kupimia urefu. Huo ndio unaoonekana mara chache zaidi, na ndio unaofichua jambo ambalo macho hayalioni: udumavu. Mtoto aliyedumaa hakonde. Anacheza, anacheka, jirani wanasema ana afya njema. Tatizo ni kwamba ana miaka mitatu na urefu wake ni wa mtoto wa miaka miwili.

Wapo wanaosema, "Aa, sisi kwetu ni wafupi kwa asili." Jibu la hoja hiyo lilipatikana mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lilipotoa vipimo vipya vya ukuaji. Vilitokana na watoto 8,440 wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa ipasavyo na kulelewa katika mazingira yasiyowazuia kukua. Ikaonekana kwamba mpaka kufikia miaka mitano, mtoto wa Muscat na mtoto wa Oslo hurefuka kwa mwendo unaofanana sana. Mtoto wa Kilosa naye hana sababu ya kuachwa nyuma kwa ajili ya ukoo wake.

Hapa nchini, takribani nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 walikuwa asilimia 30. Hatua imepigwa, na tusiwe wachoyo wa kuisema. Lakini tazameni mikoa iliyoongoza kwa udumavu mwaka huo: Iringa asilimia 57, Njombe na Rukwa takribani asilimia 50 kila mmoja. Hiyo ndiyo mikoa tunayoiita ghala la taifa! Ukisimama Mikumi, kwenye barabara kuu inayokatiza hifadhi, unayaona malori yakiteremka na mahindi kutoka Nyanda za Juu Kusini kuja kutulisha sisi wa Dar es Salaam. Yanakotoka mahindi, nusu ya watoto na zaidi wamedumaa.

Ubao umetuambia kuna kasoro. Haukutuambia kasoro iko wapi, na ndipo linapokuja lile swali la jana.

Utaratibu wake ni huu. Vyakula vimegawanywa katika makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi, mikunde, karanga na mbegu, maziwa na vitokanavyo, nyama, samaki na dagaa, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi, kama mchicha, maboga, papai na embe bivu, na mboga na matunda mengineyo. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 aliyekula kutoka makundi matano au zaidi tangu jana asubuhi mpaka leo asubuhi anahesabiwa kuwa amepata mlo wa aina mbalimbali. Halafu inaangaliwa amekula mara ngapi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016, ambao bado ulitumia hesabu ya zamani ya makundi saba, watoto waliofikia kiwango cha chini kwa aina za vyakula na kwa idadi ya milo pia walikuwa asilimia 9 tu. Tisa kati ya mia, ndugu zangu.

Sasa hebu tusikilize mazungumzo yenyewe, maana hapo ndipo Kiswahili chetu kinapoingia kazini.

Mama anaulizwa mtoto alikula nini mchana. Anajibu, "Ugali na mboga." Ofisa kijana, aliyetoka chuoni juzi, anaweka alama kwenye kisanduku cha mboga za majani. Amekosea tayari. Kwa Mtanzania, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. Dagaa ni mboga, maharage ni mboga, mlenda ni mboga, hata nyama ya sikukuu ni mboga. Kwa neno moja hilo mtoto aliyekula dagaa anaandikwa mchicha, na aliyekula mchicha siku nzima anaweza kuandikwa samaki. Anaulizwa asubuhi je? "Alikunywa chai." Chai ya rangi, au ya maziwa? Peke yake, au na kiazi, au na andazi? Kunywa chai kwetu ni kufungua kinywa, hata kama katika kikombe hicho palikuwa na uji. Na saa kumi jioni? "Hakula kitu." Kumbe kabla ya saa kumi mtoto alikuwa chini ya mwembe na kaka zake, akala maembe mawili, akapewa karanga za kuchemsha na jirani, akatafuna kipande cha muwa. Mama hasemi uongo hata kidogo. Kwake chakula ni kile kilichopikwa kikaliwa kwa kukaa chini. Embe ni mchezo. Mimi mwenyewe nikiulizwa jana saa kumi nilitia nini mdomoni nitakuna kichwa, sembuse mama mwenye watoto wanne na shamba la palizi.

Kuna na suala la sinia moja. Watoto watano wanakula pamoja, mdogo ana miaka miwili, mkubwa ana kumi. Kwenye bakuli kuna maharage. Fomu itaandika kwamba wote watano wamekula mikunde. Anayejua sinia anafahamu kwamba punje zimekwenda na wenye mikono mikubwa, na yule mdogo kachovya mchuzi. Ndiyo maana wataalamu makini humwomba mama aonyeshe kwa kikombe na kijiko cha nyumbani ni kiasi gani alichopakuliwa mtoto, na wengine hukaa jikoni kutwa nzima na mzani mdogo wakipima kila kinachoingia chunguni. Njia hiyo ni bora, ila nayo ina lake. Mgeni amekaa jikoni na kalamu. Mama gani wa Kitanzania atapika mlenda mtupu siku hiyo? Atamkimbiza kuku.

Kisha msimu. Nenda kijiji cha bonde la Mkondoa mwezi wa saba, mahindi yamevunwa, mpunga umo ndani, utaandika ripoti ya kupendeza. Rudi mwezi wa pili, ghala limefagiwa, watu wanalima kwa njaa, lakini majani ya kunde na ya maboga yamejaa mlangoni kwa sababu ya mvua. Mwezi wa kumi na mbili ni maembe. Mtoto yule yule, nyumba ile ile, mama yule yule, na majibu matatu tofauti. Anayetaka kujua tabia ya mtoto ya kula hana budi kurudi zaidi ya mara moja. Anayekwenda mara moja atajua siku moja.

Na hesabu ya makundi haina haki kwa kila mtu. Wilaya ya Kilosa ina wakulima na ina wafugaji. Tunakumbuka kwa uchungu Rudewa Mbuyuni, Desemba mwaka 2000, jinsi watu 38 walivyouawa katika ugomvi wa pande hizo mbili. Mtoto wa boma la wafugaji anaweza kunywa maziwa asubuhi, mchana na jioni, na ugali juu yake. Fomu itampa makundi mawili na kumwandika ameshindwa. Mtoto wa mkulima akilamba kijiko cha nyanya, kipande cha papai, punje za maharage na dagaa mmoja juu ya ugali, atapewa makundi mengi na kuandikwa amefaulu. Nani ameshiba protini? Sisemi hesabu itupwe. Kwa maelfu ya watoto inasaidia sana kuona picha ya jumla. Nasema isitumike kama fimbo kwa mtoto mmoja na mama mmoja.

Kilosa yenyewe imewahi kutoa somo kubwa ambalo ni nadra kulisikia likizungumzwa. Mnakumbuka kimea? Katika miaka ya 1980 wataalamu wetu walihimiza sana unga wa kimea kwa watoto. Tatizo wanalolitibu ni la kweli. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo kama ngumi yake. Uji mzito hawezi kuumeza, na uji mwepesi ni maji matupu yenye rangi. Ulezi au mtama ukiloweshwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa, ndani yake huzaliwa vimeng'enya vinavyovunja wanga. Ukiweka kidogo katika uji mzito, uji unalainika bila kuongezwa maji, na mtoto anapata nguvu nyingi katika kijiko kile kile. Isitoshe, kuchipusha hupunguza vile vitu katika nafaka vinavyoyashika madini ya chuma yasifyonzwe na mwili.

Basi mtafiti Peter Mamiro wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzake wa Ubelgiji walilijaribu jambo hilo wilayani Kilosa, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2004. Walishiriki watoto 309, tangu miezi 6 hadi mwaka mmoja. Wote walipewa mchanganyiko mmoja: karibu theluthi mbili ulezi, kisha maharage, karanga na embe. Tofauti ilikuwa kwamba kundi moja lilipata unga uliochipushwa na kutayarishwa kitaalamu, na kundi la pili lilipata vitu hivyo hivyo bila matayarisho hayo. Maabara ilithibitisha kwamba unga wa kwanza ni bora, wenye nguvu zaidi na chuma kilicho rahisi kufyonzwa. Miezi sita ikapita. Watoto wakapimwa urefu, uzito na wingi wa damu. Hapakuwa na tofauti kati ya makundi mawili.

Wako watakaoruka na kusema, "Kumbe chakula si kitu!" La hasha. Makundi yote mawili yalipata ulezi, maharage, karanga na embe. Hakuna aliyeachwa na uji wa sembe mtupu ili alinganishwe nao. Kilichoshindwa kuonekana ni faida ya ziada ya ule ustadi wa maabara. Lakini ninavyolisoma mimi, jaribio hilo linatuonya tusidhani kwamba kilichoingia mdomoni kitaonekana kwenye ubao wa urefu kwa mstari ulionyooka. Katikati hapo kuna malaria, ambayo huvunja chembe za damu kwa haraka kuliko uji unavyoweza kuzijenga. Kuna kuhara, kuna minyoo, kuna maji ya kisima kilichofurikiwa; na Kilosa inayajua mafuriko, kwani mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulivunja kingo na kuwaacha maelfu wakiishi kwenye mahema. Na tusidhani kwamba dawa ni maji na vyoo peke yake. Jirani zetu wa Kenya walifanya jaribio kubwa katika kaunti za magharibi, Kakamega, Bungoma na Vihiga, matokeo yakatoka mwaka 2018. Watoto waliopata kirutubisho na mama zao wakapewa ushauri wa lishe walirefuka zaidi kidogo, kidogo tu. Waliopelekewa maji, vyoo na sabuni bila chakula hawakurefuka zaidi ya wengine.

Kwa hiyo jibu halikai kwenye kisanduku kimoja. Na kuna kisanduku ambacho kwenye fomu nyingi hakimo kabisa: muda wa mama.

Kutoka Mikumi mjini ukiifuata barabara ya Ifakara unafika Kidodi na Ruaha, nchi ya miwa. Mashamba mengi yaliyokuwa ya mpunga na mahindi leo yana miwa ya kuuzwa kiwandani. Fedha inakuja kwa mkupuo baada ya mavuno, na mara nyingi inaingia mkononi mwa baba. Chakula kinahitajika kila siku na kinapikwa na mama. Kando ya hifadhi nako tembo hawausomi mpaka. Mahindi yakikaribia kukomaa familia inahamia shambani kulinda usiku. Kwenye mpunga kuna kuamia ndege tangu alfajiri. Na pale Mikumi stendi, mama lishe anaamka saa tisa usiku ili dereva wa lori la Tunduma akute supu na chapati. Mtoto wake amebaki na bibi, au na dada wa miaka minane, na uji uliopikwa jana. Mtoto wa mwaka mmoja anayenyonya anatakiwa ale milo mitatu kwa siku walau. Ni nani atakayempikia huo wa pili? Mwambie mama huyo kwamba hajui makundi ya vyakula, atakusikiliza kwa adabu, kwa sababu wewe ni mgeni. Anayajua. Amekwisha kufundishwa kliniki mara tatu.

Nisiwasahau wasikilizaji wa mjini, maana naona mnatikisa kichwa kuwahurumia watu wa Kilosa. Tangu mwaka 2021 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF umeongeza maswali mapya juu ya lile la jana: mtoto alikunywa kinywaji chenye sukari? Alikula pipi, keki, chipsi, vitu vya kukaanga vya paketi? Maswali haya hayakutungwa kwa ajili ya Ukaguru. Yametungwa kwa ajili ya Sinza, Mbagala na Kariakoo, ambako mtoto wa miaka miwili ananyamazishwa kwa soda na kubembelezwa kwa biskuti, na ule unga wa lishe unaouzwa madukani umechanganywa nafaka sita kana kwamba mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama na uwele ni makundi sita. Ni kundi moja hilo, ndugu yangu, hata ukisaga kumi.

Tulipata kufanya vizuri zaidi katika jambo la kupima. Kuanzia mwaka 1983, mkoani Iringa, ulianzishwa mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, ukaanzia katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hapo hapo kijijini. Matokeo hayakupelekwa kwanza Dar es Salaam. Yaliwekwa mezani mbele ya serikali ya kijiji, na wenyeviti na wazee wakatakiwa kujibu: kwa nini watoto hawa wamo kwenye eneo jekundu? Ndipo yakaanza kuzungumzwa mambo ya mzigo wa kazi wa akina mama, na nani awalishe watoto wakati mama yuko shambani, na vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea watoto. Watoto wenye upungufu mkubwa wa uzito walikuwa asilimia 6 hivi mwaka 1984. Kufikia 1988 walikuwa chini ya 2. Kweli, kilichopimwa wakati ule kilikuwa kilo, si urefu, na huenda ndiyo sababu mkoa huo huo leo unatushangaza kwenye ubao. Lakini baba aliyekuwa kikaoni alijua mtoto wa nani ana hali gani, na alijua kabla msimu haujapita.

Siku hizi fedha zimewekewa utaratibu. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, na mwaka 2022, akiwa Rais, akausimamia tena. Kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mkataba huo unaifuatilia halmashauri kama imezitoa fedha hizo. Hilo ni jema, na linaulizika katika kikao chochote cha kata, Kilosa au Kinondoni: zimetoka ngapi, na zimenunua nini? Zimenunua ubao wa kupimia urefu kwa zahanati isiyokuwa nao? Zimemrudisha yule ofisa lishe mwezi wa pili, baada ya kumwona mama mwezi wa saba? Au zimelipia semina ya siku mbili mjini Morogoro, yenye chai, soda na maandazi, kuhusu umuhimu wa mlo kamili?